Asili ya Maneno: Miti ya Galicia na Sardinia

Makala iliyopita ya safu hii ilihusu majina ya miti katika Kilatini. Humo niligusia lugha mbili kwa sentensi chache tu: Kigalisia, cha pembe ya kaskazini-magharibi mwa Hispania, na Kisardinia, cha kisiwa cha Sardinia nchini Italia. Barua nyingi mlizoleta zinauliza habari za lugha hizo mbili. Nimechagua baadhi na kuzifupisha.

Lugha hizi zina udugu gani hata ukaziweka kapu moja? (Msomaji, Dodoma)

Zote ni watoto wa Kilatini, ila ni watoto waliolelewa mbali mbali. Warumi waliinyakua Sardinia mwaka 238 KK kutoka kwa Wakarthago. Galicia waliifikia baadaye. Jemadari Decimus Junius Brutus aliingia huko na jeshi lake mwaka 137 KK, na vita vya kaskazini mwa Hispania vilimalizika mwaka 19 KK, zama za Augusto. Kwa hiyo Kilatini kiliwahi kutia mizizi Sardinia kabla hakijasikika vizuri Galicia.

Katika Zama za Kati Kigalisia na Kireno zilikuwa lugha moja. Kisardinia kilibaki kisiwani na kikatunza mambo ambayo ndugu zake waliyaacha. Wenyeji wa Nuoro na Logudoro, katikati na kaskazini mwa kisiwa, bado wanatamka *kentu* kwa mia moja, kwa K ile ile ya *centum* walivyoitamka Warumi wenyewe. Wa kusini, eneo la Campidano, wameilainisha.

Ninazilinganisha kwa sababu miti inaonyesha jambo ambalo maneno ya sheria na kodi hayaonyeshi. Mtawala mpya akija hubadilisha majina ya sokoni na barazani upesi. Mchungaji aliyekuwa akipumzika chini ya mti kabla mtawala hajafika hana haja ya kuubadilishia jina. Ukitazama ni miti ipi iliyopewa jina la Kilatini na ipi iliyokataa, unaanza kuwaona watu waliokuwapo kabla ya Roma, ambao hawakutuachia vitabu.

Nimeona mwaloni una majina chungu nzima katika lugha hizo. Kwa nini? (Mwalimu wa sekondari, Morogoro)

Mwalimu, kwanza neno letu wenyewe. Mwaloni si mti wa kwetu. Jina lilituingia kwa njia ya Biblia, pale Abramu anapokaa kwenye mialoni ya Mamre, na nyuma yake kuna neno la Kiebrania *allon*. Kwa hiyo sisi tuna jina moja kwa mti ambao wengi wetu hatujawahi kuuona. Kwa Mgalisia au Msardinia, mialoni ni miti kadhaa tofauti: mmoja wa kujengea, mwingine wa kulishia nguruwe kwa mbegu zake, mwingine wa kuvuna gome. Nani angeiita yote kwa jina moja?

Warumi walikuwa na majina angalau manne: *quercus*, *robur*, *ilex* na *suber*. Fuata kila moja uone lilikofikia.

*Quercus* liko hai Sardinia. Huko Logudoro mwaloni ni *kerku*, wengine huandika *chercu*. Galicia neno hilo lilipokonywa nafasi, likabaki kwenye kona moja tu: *cerquiño*, jina la mwaloni mdogo wenye majani ya manyoya, kutoka *quercinus*, yaani “wa mwaloni”.

*Robur* halikupotea pia. Galicia kuna mahali na koo zinazoitwa *Reboredo*, kutoka *roboretum*, msitu wa mialoni. Kusini mwa Sardinia likawa *orroli*, na upo mji wenye jina hilo hilo. Usishangae irabu iliyotangulia R: Wasardinia wa kusini hawapendi neno lianze na R. Gurudumu, *rota* la Kilatini, kwao ni *arroda*, na rangi nyekundu ni *arrùbiu*.

*Ilex*, mwaloni usiopukutisha majani, ni *éliche* Nuoro, *élighe* Logudoro na *ìlixi* kusini. Maneno hayo matatu yanatosha kukuonyesha ramani nzima ya kisiwa: K imebaki ngumu milimani, ikalegea kuwa G kaskazini, na kusini ikawa sauti inayokaribia J ya Kifaransa. Wagalisia walirefusha neno kwanza kuwa *ilicina*, wakalifikisha kwenye *aciñeira*.

*Suber* ni mwaloni wa vizibo. Kigalisia husema *sobreira*, Kisardinia *suerzu* au *suergiu*. Gome lake huvuliwa karibu kila baada ya miaka 10 bila kuukata mti, na shina lililovuliwa hubaki jekundu kama nyama mbichi, kisha likakolea rangi kadiri gome jipya linavyoota. Calangianus na Tempio, kaskazini mwa Sardinia, ni miji inayojulikana kwa kazi hiyo. Mti wenye soko namna hii, jina la mfanyabiashara ndilo lililoshinda kote kuwili.

Sasa njoo kwenye mti mkubwa wa Galicia, unaoonekana kwenye majina ya vijiji, mashamba na koo: *carballo*. Hili halitoki kwenye lolote kati ya yale manne. Wataalamu wengi wanaliona kuwa la kabla ya Warumi, lenye mzizi *karb-* unaohusishwa na matawi na vichaka. Mti uliozagaa kuliko yote, uliokuwa nyuma ya kila nyumba, ndio uliobaki na jina la wenyeji. Mimi naona hilo ni jambo zito. Kilatini kilishinda kwenye dini, mahakama na soko, na hata sarufi yote ikawa yake, lakini kwa huu mti kilisalimu amri.

Kuna jina lolote la mti huko Sardinia lisilo la Kilatini kabisa? (Mwanafunzi, Nairobi)

Yapo, na moja ni maarufu sana miongoni mwa wanaoshughulika na lugha hii. Ni jina la mti mdogo wa milimani wenye majani magumu yanayong’aa, yenye miiba pembeni, na matunda madogo mekundu. Ulaya hupambia nyumba zao kwa matawi yake wakati wa Krismasi. Wagalisia wanauita *acivro*, neno linalorudi kwenye Kilatini *acrifolium*, “jani kali”. Wasardinia wanauita *golostri*, *colostri*, *golóstiu*, kila wilaya na namna yake. Katika Kilatini hakuna chochote kinachofanana na hayo.

Kinachofanana kiko mbali: Kibaski, lugha ya mpakani mwa Hispania na Ufaransa isiyo na ndugu yeyote anayejulikana duniani leo. Wabaski wanauita mti huo huo *gorosti*.

Utasema R na L haziendani. Lakini ndani ya Kibaski kuna kanuni: L ya zamani iliyokaa kati ya irabu mbili iligeuka R. Mbingu, *caelum* la Kilatini, kwao ni *zeru*. Malaika, *angelus*, ni *aingeru*. Rudisha kanuni hiyo nyuma na *gorosti* inakuwa *golosti*, pua na mdomo na neno la Sardinia. Mti ni ule ule na umbo ni lile lile, hata tofauti ya sauti ina maelezo yake. Ushahidi wa namna hii haupatikani kila siku.

Hii haina maana kwamba Wabaski waliwahi kuhamia Sardinia. Kinachoaminika zaidi ni kwamba neno ni mabaki ya lugha za kale za magharibi mwa Mediterania, zilizokuwapo kabla ya Kilatini, na kila upande ukabaki na kipande chake. Nawaomba pia muwe waangalifu na orodha ndefu za maneno ya Kisardinia na Kibaski zinazosambazwa mtandaoni. Nyingi zimeungwa kwa kufanana kwa silabi mbili tu, bila kanuni ya sauti wala maana inayolingana. *Golostri* limesimama kwa sababu limepita mitihani yote miwili.

Nilisoma na Mgoa mmoja aitwaye Pereira. Nimeambiwa ni jina la mti. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli, na jambo hili lina mlango unaoingia moja kwa moja nyumbani kwetu.

Goa ilitawaliwa na Wareno tangu 1510 hadi 1961, na Wagoa waliobatizwa walichukua majina ya Kireno. Wengi wao baadaye walihamia Zanzibar, Mombasa na Nairobi. *Pereira* ni mti wa *pera*, tunda ambalo Wazungu hulila kama tunavyokula tufaha. Kwa kuwa Kireno na Kigalisia walikuwa lugha moja, jina hili limejaa Galicia pia, kwa herufi zile zile.

Sisi tulilichukua *pera* kutoka kwa Wareno, tukalibandika kwenye tunda jingine kabisa, lile lenye mbegu ngumu tele na harufu nzito. Kisha tukaliongezea M, tukapata mpera. Wao waliongeza *-eira* mwishoni, sisi tukaongeza M mwanzoni. Bwana Pereira, kwa Kiswahili, ni Bwana Mpera.

Kiambishi hicho *-eiro* au *-eira* kinatoka kwenye *-arius* na *-aria* za Kilatini, na Wagalisia wanakitumia karibu kama tunavyotumia M ya mwembe na mchungwa. Kokwa la *noz* linazaa *nogueira*. *Figo*, tini, linazaa *figueira*. *Castaña* linazaa *castiñeiro*, mti ambao mbegu zake za kuchoma ziliwalisha maskini wa huko kabla viazi havijafika kutoka Amerika. Karibu yote hayo ni majina ya koo leo: Nogueira, Figueira, Castiñeira, na pia Oliveira wa mzeituni.

Kisardinia hakikufuata njia hii. *Pira* ni tunda, na *pira* ni mti. *Figu* ni tini na ni mtini, na *nughe* vivyo hivyo. Ukitaka kuwa wazi unatanguliza neno la mti: *mata de figu*. Usidhani ni upungufu. Kwa Warumi wenyewe *ficus* lilikuwa mti na tunda pia, ingawa kwa pera walitenganisha: *pirus* mti, *pirum* tunda.

Tofaa lina kisa chake. Wasardinia wanaliita *mela*, neno la zamani lenye asili ya Kigiriki. Wagalisia wanaliita *mazá*, na mti wake *maceira*, na humo ndani kuna jina la mtu. Warumi walikuwa na aina ya matofaa yaliyoitwa *mala mattiana*, “matofaa ya Matius”, kwa heshima ya Gaius Matius, rafiki wa Julius Caesar, aliyependa mambo ya bustani na mapishi. Jina la tunda lenyewe likaanguka, la bwana likabaki.

Na cheri: Pliny, mwandishi wa Kirumi, aliandika kwamba jemadari Lucullus ndiye aliyeleta mti wake Roma baada ya vita vya Ponto, mwaka 74 KK. Wagiriki waliuita *kerasos*. Logudoro leo tunda lake ni *kerasa*, K imetulia pale pale. Wagalisia wana *cereixa* kwa tunda na *cerdeira* kwa mti.

Waarabu walikaa Hispania karne nyingi. Wameacha majina ya miti Galicia? (Msomaji, Muscat)

Machache. Utawala wao haukutia mizizi Galicia kama kusini. Chungwa ni *laranxa*, kutoka *naranj* la Kiarabu, lililotoka Uajemi. Sardinia husema *aranzu* au *aràngiu*, lakini wao walilipata kupitia Ulaya.

Ulilotarajia, nadhani, ni zeituni. Kiarabu *zaytun* kimetupa sisi mzeituni na kimewapa Wahispania *aceituna*. Mti wa Galicia hata hivyo ni *oliveira*, na Wasardinia wana *olia*, yote kutoka *oliva* la Kilatini. Mzeituni mwitu una jina lake Sardinia: *ozzastru* kaskazini, *ollastu* kusini, kutoka *oleaster*. Eneo zima la mashariki ya kisiwa, Ogliastra, linahusishwa na mti huo.

Karibu na kijiji cha Luras uko mmoja ambao umri wake unakadiriwa kati ya miaka 3,000 na 4,000. Ulitangazwa kuwa kumbukumbu ya asili mwaka 1991. Wenyeji wanauita *S’Ozzastru*, “ule mzeituni mwitu”, bila jina la ziada. Luras penyewe pana ajabu yake: kijiji kinazungumza Kisardinia cha Logudoro, na majirani wote wanaokizunguka wanazungumza Kigallura, lugha iliyo karibu na ya kisiwa cha Korsika. Jina la mti huo ni la kijiji chenyewe.

Nimesikia kuna mti Galicia uliotumika kujiulia. Upi? (Msomaji, Arusha)

Ni *teixo*, kutoka *taxus* la Kilatini. Ni mti wa majani membamba ya kijani kilichokolea, unaoishi miaka mingi mno, na karibu kila sehemu yake ina sumu, isipokuwa ile nyama nyekundu inayoizunguka mbegu.

Mwanahistoria Florus anasimulia vita vya mwisho vya Augusto. Wapiganaji walizingirwa juu ya mlima Medullius, na Warumi wakachimba handaki kuuzunguka mlima wote. Walipoona hakuna pa kutokea, walijiua kwa moto, kwa upanga na kwa sumu iliyokamuliwa kwenye mti huo, ambayo Florus anasema ilikuwa kitu cha kawaida huko. Pliny naye anataja waliosema kwamba sumu iliyoitwa *toxica* hapo kwanza iliitwa *taxica*, kwa jina la mti. Asili ya kweli ni Kigiriki, *toxon*, upinde, maana ilikuwa sumu ya mishale. Lakini upinde wenyewe mara nyingi ulichongwa kwa mti huu huu, kwa hiyo waliobahatisha hawakuwa mbali sana na msitu.

Leo jina liko kwenye Teixeira na Teixeiro, na kwenye San Andrés de Teixido, kanisa la ufukweni ambako Wagalisia huenda kuhiji. Wanasema asiyefika huko akiwa hai ataenda akiwa amekufa.

Mkaratusi nao uko huko? (Mkulima, Iringa)

Upo, tele, na unagombaniwa. Jina ni la kitaalamu, lililoundwa na Mfaransa L’Héritier mwaka 1788 kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya “uliofunikwa vizuri”, kwa ajili ya ua ambalo kabla ya kuchanua lina kifuniko. Wagalisia wanasema *eucalipto*. Sisi tumeunyoosha mpaka ukawa mkaratusi. Mapokeo ya Galicia yanamtaja Rosendo Salvado, mtawa mzaliwa wa mji wa Tui huko Galicia, aliyeanzisha misheni ya New Norcia huko Australia, kuwa ndiye aliyetuma mbegu za kwanza katika karne ya 19. Ulipandwa kwa ajili ya mbao na karatasi, ukafunika vilima, na mwaka 2021 serikali ya Galicia ilisitisha kwa muda mashamba mapya. Wewe wa Iringa unaijua habari ya mti huu na maji, sina la kukufundisha.

Na msitu wenyewe wanauitaje? (Msomaji, Bukavu)

Nitakupa neno moja lililoenda njia mbili. Kilatini kilikuwa na *saltus*, ardhi ya miti na malisho isiyolimwa. Galicia likawa *souto*, na maana yake ikabana mpaka ikawa shamba la miti ya *castiñeiro*. Sardinia likawa *saltu*, na kusini *sartu*, na maana ikabaki pana: nyika, mashambani, nje ya kijiji. Hati za makanisa ya Sardinia za Zama za Kati zinalitumia neno hilo kwa mapori waliyopewa watawa. Jingine la Galicia ni *devesa*, kutoka *defensa*, pori lililowekewa ulinzi.

Nani alikusanya majina haya yote? (Mwanafunzi wa isimu, Dar es Salaam)

Wengi, ila wawili hawakwepeki. Martín Sarmiento, mtawa aliyeishi 1695 hadi 1772, alisafiri Galicia mwaka 1745 na tena miaka ya 1750, akiwauliza wakulima majina ya miti na mimea na kuandika walichosema. Alilalamika waziwazi kwamba watoto wa Kigalisia wanafundishwa kwa Kikastilia, yaani Kihispania, badala ya lugha ya mama zao. Kwa Sardinia ni Mjerumani Max Leopold Wagner, aliyeanza utafiti kisiwani mwanzoni mwa karne ya 20. Kamusi yake ya asili za maneno ilianza kuchapishwa 1960. Alifariki 1962, na juzuu ya mwisho ilitoka 1964.

Neno “mti” lenyewe je? (Msomaji, Tanga)

Kilatini ni *arbor*, na lilikuwa la jinsia ya kike. Kihispania kimeligeuza kuwa la kiume, *el árbol*. Wagalisia wameacha mti ubaki wa kike, *a árbore*. Sardinia kaskazini wana *àrbure* au *àrvure*, na kusini neno la kila siku ni *mata*, ambalo kwa Wakatalani waliowahi kutawala kisiwa ni kichaka.

Kisha kuna Arborea, mojawapo ya falme nne za Sardinia ya Zama za Kati. Bendera yake ilikuwa nyeupe yenye mti wa kijani uliong’olewa, mizizi ikionekana. Mtawala wake Eleonora alitangaza mwaka 1392 sheria iitwayo *Carta de Logu*, iliyoandikwa kwa Kisardinia na kuendelea kutumika hadi 1827. Ndani yake kuna vifungu vya moto: mtu haruhusiwi kuchoma mashamba mpaka ipite sikukuu ya Maria ya tarehe 8 Septemba, joto kali la kiangazi likiwa limepungua. Kisardinia kinauita mwezi huo *Cabudanni*, kichwa cha mwaka.